Shingo Moja, Maradhi Matatu

Rovu si ugonjwa mmoja. Siku hizi maabara hutumia rangi zinazong'ara gizani kumtambua adui halisi

Na MWANDISHI WETU, Eldoret

HEBU msomaji mpenzi uwafikirie akina mama watatu walioketi kwenye benchi moja katika ua wa hospitali mjini Eldoret. Ni asubuhi yenye baridi kali, na kila mmoja amejifunga leso shingoni. Hawajuani. Mmoja ametoka upande wa Kapsabet, wa pili Turbo, na wa tatu ameteremka kwa matatu kutoka Iten. Leso zikifunguliwa, wote watatu wana uvimbe mahali pale pale, chini ya kidaka tonge.

Mama wa kwanza amevua sweta ingawa wenzake wanatetemeka. Moyo unamdunda kama aliyekimbia mlima, mikono yatetemeka, na macho yamemtoka hadi watoto wa jirani wanamwogopa. Anakula sahani mbili za ugali, lakini kila mwezi anapunguza rinda. Kule nyumbani wameanza kunong'ona kwamba ana ule ugonjwa wa kukondesha, na mama mkwe hataki tena wajukuu wanywe chai katika kikombe chake.

Mama wa pili amejifunika shuka hadi masikioni. Anahisi baridi hata jua likiwa utosini. Nywele zinanyonyoka, sauti imekwaruza, haendi choo kwa siku tatu, na mwili unaongezeka ilhali hamu ya chakula hana. Mumewe anadai amekuwa mvivu. Yeye mwenyewe anaamini amerogwa.

Wa tatu ni msichana. Hana maumivu, halali vibaya, hakondi wala hanenepi. Ana kinundu kimoja tu, kigumu, upande wa kulia wa shingo. Amekuja kwa sababu fundi wa nguo aliyekuwa akimpima kola alikigusa na kuuliza ni nini.

Jirani mmoja kwenye benchi anawatazama wote, kisha anatoa uamuzi. "Dada zangu, hiyo ni rovu tu. Nyanya yangu alikuwa nayo mpaka akazikwa nayo. Ongezeni chumvi kwenye mboga."

Akina mama hawa ni mfano tu, lakini maradhi yao si ya kubuni. Mama wa kwanza tezi yake inafanya kazi kupita kiasi. Wa pili tezi yake inakufa polepole. Wa tatu huenda ana saratani, au huenda hana neno. Ushauri wa yule jirani, uliotolewa kwa nia njema, hautamfaa hata mmoja wao na unaweza kumdhuru wa kwanza.

TEZI YENYEWE NI NINI?

Mbele ya koo la kila mwanadamu mna tezi ndogo yenye umbo la kipepeo aliyekunjua mabawa. Wataalamu huiita thairoidi. Uzito wake kwa mtu mzima ni gramu 15 hadi 25 hivi. Kazi yake ni kutengeneza homoni mbili ambazo madaktari huziandika kwa kifupi T4 na T3. Homoni hizi ndizo zinazoamua mwendo wa mwili mzima: kasi ya moyo, joto la ngozi, choo, hedhi, usingizi, hata hasira.

Tezi hii ina msimamizi wake kichwani, chini ya ubongo, aitwaye pituitari. Msimamizi akiona homoni imepungua, hutuma ujumbe uitwao TSH: fanya kazi! Akiona imezidi, hunyamaza. Kwa hivyo daktari anayetaka kujua hali ya tezi hupima kwanza TSH katika damu. Ikiwa juu sana, msimamizi anapiga kelele kwa sababu mfanyakazi amelegea. Ikiwa chini sana, mfanyakazi amepitiliza na msimamizi amekata tamaa.

Malighafi ya tezi ni madini ya ayodini. Hapo ndipo sisi watu wa milimani tulipokuwa na shida ya miaka na miaka. Eldoret, mji ambao wazee bado huuita 64 kwa kufuata nambari ya shamba ulipoanzishwa, uko mita 2,100 hivi juu ya usawa wa bahari. Ayodini imejaa baharini, kwenye samaki na mwani. Lakini udongo wa nyanda za juu umeoshwa na mvua kwa maelfu ya miaka, na madini hayo yakateremka na mito. Mahindi na mboga za udongo huo hutoka na ayodini haba. Tezi ikikosa malighafi hujitanua, kama mkulima aliye na shamba duni anayeongeza ekari ili apate gunia lile lile. Huko kujitanua ndiko rovu.

Chakula nacho kina mchango wake. Katika kisiwa cha Idjwi kilichoko Ziwa Kivu, mashariki mwa Kongo, watafiti kutoka Ubelgiji waligundua kwamba mihogo isiyoandaliwa vizuri huizuia tezi kutumia hata ile ayodini kidogo iliyopo. Kabeji na sukuma wiki zina chembe za namna hiyo pia, lakini usiache kula mboga, mama. Kwa mtu anayepata ayodini ya kutosha, sukuma wiki ya kila jioni haina madhara.

Dawa ya upungufu huo ilikuwa rahisi. Mwaka 1978 Kenya iliweka sheria ya kutia ayodini katika chumvi ya kupikia, na chumvi inayovunwa pwani, sehemu kama Gongoni karibu na Malindi, hutiwa madini hayo kabla ya kupakiwa. Yale marovu makubwa ya enzi za nyanya zetu yamepungua mno. Muhimu zaidi, watoto wengi wameepushwa na ulemavu wa akili unaompata mtoto ambaye mamaye alikosa ayodini wakati wa ujauzito. Ila kumbuka kwamba magadi ya kulainishia maharagwe na ile chumvi ya ng'ombe si badala ya chumvi ya pakiti.

Basi ikiwa chumvi ina ayodini, mbona bado kuna shingo zilizovimba? Jibu ni kwamba ugonjwa wa nyanya uliwafunika wengine. Sasa umepungua, na wale waliokuwa wamejificha nyuma yake wanaonekana. Hao hawatibiwi kwa chumvi.

MLINZI ANAPOMGEUKIA MWENYE NYUMBA

Mwaka 1835 daktari wa Dublin, Ireland, aitwaye Robert Graves aliandika habari za wanawake watatu waliokuwa na uvimbe wa shingo na mioyo iliyodunda kwa nguvu. Ugonjwa wa mama wetu wa kwanza umebeba jina lake hadi leo. Mwaka 1912 daktari kijana wa Japani, Hakaru Hashimoto, alieleza habari za wanawake wanne ambao tezi zao zilikuwa zimejaa chembe nyeupe za damu, ngumu, zikiharibika. Huo ndio ugonjwa wa mama wetu wa pili.

Magonjwa haya mawili ni ndugu wa tumbo moja. Yote huwapata wanawake zaidi ya wanaume, mara kadhaa zaidi. Yote hutembea katika ukoo. Na yote yana chanzo kimoja: kingamwili, yaani askari wa mwili wanaotakiwa kupigana na viini vya maradhi, hukosea na kuishambulia tezi. Ni kama mlinzi wa usiku anayemgeukia mwenye nyumba.

Tofauti iko katika namna ya kushambulia. Katika ugonjwa wa Graves, kingamwili hushika kile kipokezi ambacho hupokea ujumbe wa TSH na kukibonyeza usiku na mchana. Tezi inadhani msimamizi anaamuru, nayo inatoa homoni bila kupumzika. Katika ugonjwa wa Hashimoto, askari hubomoa kiwanda chenyewe, tofali kwa tofali, hadi uzalishaji unakoma.

Ungedhani basi ni rahisi kuwatenganisha. Mmoja anakonda, mwingine ananenepa. Lakini ndugu hawa hujua kuvaa nguo za wenzao. Kiwanda cha Hashimoto kikianza kubomolewa, homoni iliyokuwa ghalani humwagika yote kwa pamoja kwenye damu. Kwa majuma kadhaa mgonjwa hudundwa na moyo, hutoka jasho na kukonda, sawasawa na mgonjwa wa Graves. Ukimpima T4 utaikuta juu. Ukimpima TSH utaikuta chini. Karatasi za maabara za wagonjwa hao wawili zinaweza kufanana kama sarafu kwa ya pili.

Kuna pia mama aliyejifungua. Katika miezi michache ya kwanza baada ya kujifungua, baadhi ya akina mama hupata hali hiyo hiyo. Tezi humwaga homoni, kisha hulegea, halafu wengi wao hupona wenyewe. Mama huyo halali, ana wasiwasi, anakonda. Watu wa nyumbani husema ni uchovu wa kunyonyesha.

KWA NINI KUTOFAUTISHA NI JAMBO LA MAISHA

Mgonjwa wa Graves hupewa dawa ya kuizuia tezi kutengeneza homoni, kama vile kabimazoli. Asipotibiwa, moyo unaweza kushindwa kazi na mimba inaweza kuharibika. Lakini mgonjwa ambaye homoni yake inamwagika kutoka ghalani hana haja ya dawa hiyo, kwa sababu tezi yake haitengenezi kupita kiasi. Ukimpa, humsaidii lolote, na unamtia hatarini bure: kwa watu wachache dawa hiyo hupunguza vibaya chembe nyeupe za damu. Ndiyo maana yeyote anayeitumia akishikwa na homa na vidonda vya koo anatakiwa kuiacha siku hiyo hiyo na kukimbilia hospitali apimwe damu.

Mgonjwa wa Hashimoto ambaye tezi imekwisha hupewa kidonge cha homoni yenyewe, kila siku, kwa kawaida maisha yake yote. Ukimpa kidonge hicho mgonjwa wa Graves, umemwaga petroli kwenye moto.

Hata ayodini, ile dawa ya nyanya, ina upande wa pili. Chumvi yenye ayodini ilipoenea nchini Zimbabwe na katika eneo la Kivu miaka ya mwanzo ya 1990, madaktari waliona wagonjwa wa moyo kwenda mbio wakiongezeka kwa muda. Hawa walikuwa hasa watu wenye marovu ya zamani, ambao tezi zao zilizozoea njaa zilifakamia malighafi mpya. Hakuna aliyesema chumvi iondolewe, maana faida yake ni kubwa kupindukia. Lakini funzo lilibaki: usimpe kila mwenye uvimbe dawa moja.

JAKETI LA BODABODA NA NOTI YA BENKI

Sasa maabara hufanyaje ili kumtambua adui? Hapa ndipo inapoingia rangi inayong'ara.

Jibu liko barabarani mbele ya macho yako. Tazama jaketi la mwendeshaji bodaboda, lile la rangi ya ndimu. Mbona linawaka hata kukiwa na mawingu? Ni kwa sababu rangi yake hunasa miale ambayo jicho halioni, kisha huirudisha ikiwa nuru tunayoiona. Karani wa benki anapoiweka noti chini ya taa ya zambarau, nyuzi zilizofichwa hung'ara papo hapo kwa sababu hiyo hiyo. Mwanasayansi George Stokes ndiye aliyeieleza tabia hii mwaka 1852 huko Uingereza.

Mwaka 1941 daktari Mmarekani aitwaye Albert Coons na wenzake walipata wazo la busara. Kingamwili, walifikiri, hujua kumtafuta adui wake mmoja tu kati ya maelfu. Je, tukiifunga taa mgongoni? Wakaiunganisha na rangi inayong'ara, wakaimwaga juu ya chembe chini ya hadubini, na palipokuwa na adui pakawaka. Tangu siku hiyo daktari aliweza kuona kwa macho kitu ambacho awali alikikisia tu.

Miaka 15 baadaye, mwaka 1956, watafiti wa London akina Ivan Roitt na Deborah Doniach waligundua kwamba damu ya wagonjwa wa Hashimoto ina kingamwili zinazoshambulia tezi yao wenyewe. Mwaka huo huo huko New Zealand, Duncan Adams na Herbert Purves walipata katika damu ya baadhi ya wagonjwa wa tezi iliyopitiliza kitu cha ajabu kilichoichochea tezi kwa muda mrefu kuliko TSH. Baadaye ikajulikana kuwa nacho ni kingamwili. Kuanzia hapo, taa ya Coons ikapata kazi.

Kipimo chenyewe huendeshwa hivi. Kipande chembamba mno cha tezi, aghalabu ya nyani, hubandikwa kwenye kioo. Juu yake hutonwa maji ya damu ya mgonjwa. Ikiwa ana askari waasi, watashika kipande hicho. Kioo huoshwa, na wasiohusika huondoka na maji. Kisha hutonwa kingamwili ya pili, iliyotengenezwa ili ishike kingamwili yoyote ya mwanadamu, nayo imebeba rangi ya kijani iitwayo fluoresini. Kioo huoshwa tena, taa za chumba huzimwa, na mtaalamu huangalia katika hadubini yenye taa ya buluu.

Palipo giza tupu, mgonjwa hana askari hao. Penye kijani kama tufaha bichi, wapo. Na hata mahali panapowaka pana maana yake. Zikiwaka seli zenyewe, mlengwa ni kile kimeng'enya kinachoifunga ayodini. Ikiwaka ile rojo iliyo katikati, mlengwa ni protini inayohifadhi homoni.

Askari wa Graves, wale wanaokibonyeza kipokezi, hawaonekani vizuri kwa njia hiyo. Hao hupimwa kwa mashindano. Katika kichupa huwekwa vipokezi vichache, halafu damu ya mgonjwa na mshindani mwenye alama ya kung'ara huachiwa waving'ang'anie, kama abiria wanaogombea viti vya matatu ya mwisho kwenda Nairobi. Mwanga ukibaki mwingi kwenye viti, mgonjwa hana askari. Mwanga ukipungua, basi askari wake ndio walioketi. Hicho ndicho kipimo kinachomtenga vizuri zaidi mama wa kwanza na yule ambaye homoni yake inamwagika tu.

HUENDA UMESHAPIMWA KWA TAA HII

Msomaji usifikirie kwamba haya ni mambo ya ng'ambo. Wakazi wa Eldoret wameishi na taa hizi kwa miaka bila kujua. Mwaka 2001 Chuo Kikuu cha Moi, Hospitali ya Mafunzo na Rufaa ya Moi na Chuo Kikuu cha Indiana cha Marekani walipoanzisha mpango wa AMPATH wa kuwatibu wenye virusi vya Ukimwi, wagonjwa walizoea kuambiwa idadi ya CD4 zao. Mashine kubwa zilizokuwa zikihesabu chembe hizo zilitumia kingamwili zenye rangi inayong'ara. Kila chembe ilipita mbele ya miale, iliyowaka ikahesabiwa.

Mashine ya GeneXpert inayopima kifua kikuu katika makohozi, ambayo imesambazwa katika hospitali nyingi humu nchini, nayo hutumia vipande vidogo vya chembe za urithi vilivyotengenezwa ili ving'are vikikutana na vya kiini cha ugonjwa. Vipimo vya maabara vya korona mwaka 2020 vilifuata njia hiyo.

Kwa upande wa tezi, zipo mashine ndogo za mezani, zisizozidi redio kubwa, ambazo huibana TSH katikati ya kingamwili mbili, moja ikiwa na taa, na kutoa jibu kabla mgonjwa hajamaliza kikombe cha chai. Aina nyingine hutumia madini adimu yaitwayo yuropiamu. Madini hayo huendelea kung'ara kwa muda mfupi baada ya vitu vingine kuzima, kwa hivyo mashine husubiri kidogo kelele za mwanga zinyamaze, ndipo ihesabu.

MSICHANA NA KINUNDU CHAKE

Tumemsahau yule msichana wa Iten. Kwake yeye, vipimo vya damu huenda vikatoka safi kabisa, na bado asiwe salama. Kinundu huchunguzwa kwanza kwa mashine ile ile ya mawimbi ya sauti inayotumiwa kwa waja wazito, kisha kwa sindano nyembamba inayofyonza chembe chache. Haiumi sana kuliko kutolewa damu. Habari njema ni kwamba katika kila vinundu mia, tisini hivi si saratani.

Tatizo ni kwamba kuna vinundu ambavyo hata hadubini haiwezi kuviamua. Kinundu kisicho na hatari na saratani ya aina iitwayo folikula vina chembe zinazofanana. Tofauti ni kama saratani imetoboa ganda lake, na sindano haioni ganda. Saratani ya aina hii huonekana zaidi mahali penye upungufu wa ayodini, kwa hivyo inatuhusu sisi wa milimani.

Kwa vinundu hivyo vya utata, wataalamu hutafuta hitilafu katika chembe za urithi, tena kwa vitambuzi vinavyong'ara. Hitilafu mojawapo, katika jini iitwayo BRAF, hupatikana katika sehemu kubwa ya saratani za tezi za aina iliyo ya kawaida zaidi, ile ya papilari. Vipimo hivi bado si vya kila hospitali, na mara nyingi upasuaji ndio unaotoa jibu la mwisho.

Hata ndani ya chumba cha upasuaji mwanga umeanza kusaidia. Nyuma ya thairoidi kuna tezi nne ndogo, kila moja ukubwa wa punje ya mchele hivi, zinazolinda kiwango cha kalsiamu. Zikikatwa kwa bahati mbaya, mgonjwa hukakamaa misuli. Mwaka 2011 watafiti wa Chuo Kikuu cha Vanderbilt, Marekani, walieleza kwamba tezi hizo hung'ara zenyewe, bila rangi yoyote, zikimulikwa kwa miale fulani isiyoonekana. Mwaka 2018 serikali ya Marekani iliidhinisha vifaa vya kumsaidia daktari mpasuaji kuziona.

MWANGA NAO HUDANGANYA

Tusije tukaabudu mashine. Karibu mtu mmoja kati ya kumi ana kingamwili za kuishambulia tezi na bado haumwi. Wagonjwa wengi wa Graves wana kingamwili zile zile za Hashimoto pia. Kwa hivyo karatasi moja yenye neno "chanya" haitoshi kumwita mtu mgonjwa wala kumpa dawa. Daktari hana budi kuigusa shingo, kuyatazama macho, kuuliza habari za ukoo na za uzazi, na kurudia kipimo baada ya majuma kadhaa.

Kuna jambo jingine ambalo wasichana wa mjini wanapaswa kulijua. Vidonge vya kurembesha nywele na kucha, vilivyo na vitamini iitwayo bayotini, huvuruga baadhi ya mashine hizi. Mtu mzima wa afya anaweza kuonekana kana kwamba ana ugonjwa wa Graves. Mwaka 2017 wakuu wa dawa wa Marekani walitoa onyo kuhusu hilo. Ukitumia vidonge hivyo, mwambie daktari kabla ya kutolewa damu. Kwa kawaida utashauriwa uviache kwa siku kadhaa kwanza.

UFANYE NINI?

Simama mbele ya kioo. Inua kidevu kidogo, kunywa funda la maji, na uangalie chini ya kidaka tonge unapomeza. Ukiona uvimbe unaopanda na kushuka, au upande mmoja umezidi mwingine, nenda ukapimwe. Usingoje maumivu, kwani wengi hawapati maumivu. Uvimbe unaokua haraka, sauti inayokwaruza bila mafua au shida ya kumeza na kupumua ni mambo ya kupelekwa hospitali upesi.

Anzia zahanati au hospitali iliyo karibu nawe, ambako TSH inaweza kupimwa au damu ikatumwa kupimwa. Likiwa jambo zito, utaelekezwa hospitali ya rufaa. Ile ya Moi hapa Eldoret, iliyoanza mwaka 1917 ikiwa hospitali ndogo ya vitanda 60, ndiyo inayotegemewa na eneo zima la magharibi mwa Bonde la Ufa.

Na ukipewa dawa, usione haya kuuliza: "Daktari, tezi yangu inatengeneza homoni kupita kiasi, inaimwaga, au imelegea? Umejuaje?" Asiyeuliza hanalo ajifunzalo. Kama una mimba au unanyonyesha, sema mapema, kwa kuwa dawa na vipimo hubadilika.

Turudi kwenye benchi. Jua limepanda, na akina mama wetu wanatoka mmoja mmoja. Wa kwanza ameandikiwa kabimazoli na ameonywa kuhusu homa. Zaidi ya hapo, amebeba karatasi ya kumwonyesha mama mkwe kwamba kinachomkondesha ni tezi, na kwamba kikombe chake hakijawahi kumdhuru mtu. Wa pili amepewa kidonge kidogo cha kumeza kila asubuhi kabla ya chai. Atakapopata nguvu tena, mumewe atajua hakuwahi kuoa mvivu, naye atajua hakurogwa na jirani. Msichana amepewa siku ya sindano.

Leso zao ni zile zile, na marovu bado yapo. Lakini kila mmoja sasa anaujua ugonjwa wake kwa jina. Mficha maradhi kilio humfichua, walisema wahenga. Wewe mwenye leso shingoni, ifungue leo daktari aone.